Sukari ya mtoto usiku: kurekebisha insulini bila kubahatisha

Asubuhi mashine ya kupimia sukari inasoma 15, na mzazi anajiambia jioni ataongeza yuniti moja. Nimeshafanya hivyo. Ilikuwa mwezi wa sita hapa Mbeya, mwanangu ana miaka minane. Niliongeza yuniti moja, siku ya pili asubuhi bado iko juu, nikaongeza nyingine. Usiku wa nne nikamkuta ameloa jasho, kwenye baridi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimelala na sweta. Mashine ikasoma 2.8.

Asubuhi zile za 15 hazikutokana na uchache wa insulini. Insulini ilikuwepo ya kutosha, ila ilikuwa inafanya kazi saa ambayo hatukuihitaji.

Kwa hiyo huu mwongozo hauanzii kwenye dozi, unaanzia kwenye kuamka usiku. Ni kwa wazazi wa watoto wenye kisukari aina ya kwanza wanaochoma sindano, ambao ndio wengi kwetu, na huko mbele kuna sehemu ya wachache wenye pampu ya insulini. Dozi ya mwanao inapangwa na kliniki yake, si mimi. Ninachotaka ni upige simu kliniki ukiwa na cha kusema zaidi ya "sukari yake inasumbua". Namba zote za sukari humu ni milimoli kwa lita, kama mashine zetu zinavyosoma.

Hatua ya 1: Ijue insulini yako inaamka saa ngapi

Soma jina kwenye chupa, usiishie kwenye rangi ya kifuniko.

Insulini ya kawaida, ile angavu kama maji (Actrapid ni mojawapo), inaanza kazi baada ya kama nusu saa, inakuwa na nguvu zaidi baada ya masaa mawili hadi manne, na inaisha kati ya masaa matano na manane. Hii ni ya chakula.

NPH, ile nyeupe kama maziwa (Insulatard kwa mfano), inachelewa kuanza. Kilele chake ni kati ya masaa manne na kumi baada ya kuchoma, na inaendelea kudhoofika polepole hadi masaa kumi na mbili au zaidi.

Mixtard 30/70 ni hizo mbili ndani ya chupa moja: asilimia 30 ya kawaida, asilimia 70 NPH. Kuna pia glargine, ambayo ni angavu lakini inakaa karibu siku nzima bila kilele kikubwa. Hiyo haichanganywi na nyingine kwenye bomba moja la sindano.

Sasa chukua kalamu na karatasi. Ukichoma NPH saa moja jioni pamoja na chakula, kilele kinaangukia kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, mara nyingi kikiwa kikali katikati, mtoto yuko usingizini na tumbo limeshamaliza kazi. Kufika alfajiri insulini inachoka. Na ni saa hizo hizo mwili wa mtoto unamwaga homoni za ukuaji na kotisoli, ambazo zinapandisha sukari. Matokeo yake sukari inaelekea chini saa saba usiku na kukimbilia juu saa kumi na moja. Mzazi aliyelala anaiona ya saa kumi na mbili tu.

Hatua ya 2: Ondoa vitu vinavyodanganya

Kabla hujapoteza stripu (kijikaratasi cha kupimia) hata moja, hakikisha insulini yenyewe inafika mwilini.

NPH na Mixtard lazima zichanganywe kabla ya kuvuta. Viringisha chupa polepole kati ya viganja kama mara ishirini mpaka weupe uwe sawa juu na chini. Usiitikise kama dawa ya kikohozi. Chupa isiyoviringishwa inatoa insulini nyepesi siku za mwanzo na nzito siku za mwisho, nawe unabaki kumlaumu mtoto kuwa kala pipi.

Mpapase mapajani na tumboni. Ukikuta vinundu laini, hapo pamechomwa sana, na insulini ikiingia humo inatoka inapotaka yenyewe. Pumzisha sehemu hiyo. Lakini mwambie nesi kwanza, maana ukihamia kwenye ngozi nzima dozi ile ile inaweza kuwa kubwa mno. NPH ya usiku inafaa zaidi pajani au kwenye makalio, ambako inanyonywa taratibu kuliko tumboni.

Angalia bomba. Kwenye bomba la insulini la mililita 1, mara nyingi kila mstari ni yuniti mbili. Kwenye la nusu mililita, kila mstari ni yuniti moja. Baba akichoma kwa hili na mama kwa lile, mistari mitatu ya huyu si mistari mitatu ya yule.

Halafu baridi. Miongozo mingi inahofia joto, na kwa anayekwenda Kyela au Mbarali ni sawa kabisa: chupa isiachwe kwenye dashibodi ya gari, na nyumba isiyo na friji itumie chungu chenye maji. Ila huku juu, Makete, Kitulo, Njombe, mwezi wa sita na wa saba kuna barafu kwenye majani asubuhi. Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Usiiweke dirishani usiku, wala isigusane na sehemu ya kugandishia ndani ya friji. Chupa ambayo hujaifungua inataka nyuzi 2 hadi 8. Inayotumika inaweza kukaa nje ya friji wiki nne, na baadhi sita, kama chumba si cha joto kali. Andika tarehe ya kuifungua kwenye plasta na uibandike juu yake.

Hatua ya 3: Chagua usiku wa kawaida, kisha amka

Tafuta siku tatu ambazo hazina jambo. Mtoto hana homa, hakucheza mpira hadi giza, hakuna sherehe, hakuna chipsi mayai. Mafuta mengi yanachelewesha chakula tumboni na sukari inapanda usiku wa manane bila kosa la insulini. Mpe chakula mnachokizoea, kwa bakuli lile lile, mapema: ugali na maharage, au viazi. Wali wa Kyela uache kwanza. Ni mtamu, mtoto anaongeza, na hesabu inaharibika.

Pima kabla ya kula, wakati wa kulala, saa sita usiku, saa tisa, na akiamka. Hapo ni stripu tano kwa usiku mmoja, na najua stripu zinavyopatikana. Ukiwa nazo chache, pima wakati wa kulala na kuamka kila siku, na kipimo cha katikati ukihamishe: usiku wa kwanza saa sita, wa pili saa nane, wa tatu saa kumi. Si sawa na kupima zote kwa usiku mmoja, ila unapata mchoro.

Wakati wa kulala sukari ikiwa karibu na 5 na NPH imeshachomwa, usimwache hivyo. Kliniki yetu ilituwekea mpaka wa 7: chini ya hapo anapata kikombe cha maziwa au kipande cha kiazi. Uliza wa kwenu ni upi.

Andaa mezani kabla hujalala: mashine, stripu, tochi, vijiko viwili vya sukari ndani ya kikombe, na chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu. Usiku wangu wa kwanza sikuandaa. Saa tisa nikachukua mashine kutoka dirishani, nikachoma kidole cha mtoto, kilikuwa cha baridi kama jiwe la mtoni, damu haikutoka. Nikachoma cha pili. Damu ikatoka, mashine ikaandika alama ya kipimajoto na kukataa kabisa. Nyingi hazifanyi kazi chini ya nyuzi 10 hivi. Sasa inalala kwenye mfuko wa sweta langu, na mkono wa mtoto naufunga kwanza kwa taulo lililochovywa kwenye maji ya uvuguvugu, kisha naukausha. Mara nyingi haamki hata.

Ukikuta chini ya 4, jaribio limeishia hapo. Mwamshe, akae, mpe sukari inayofanya kazi haraka: karibu gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 30 ni gramu 9, yaani vijiko viwili vya chai vya sukari kwenye maji, au kama mililita 90 za soda yenye sukari. Pima tena baada ya dakika kumi na tano, na kama bado iko chini rudia. Ikishapanda mpe kitu cha kushika tumbo, maana kilele cha NPH huenda bado kinaendelea.

Mtoto asiyejitambua au mwenye degedege hamiminiwi chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu. Kama mna sindano ya glukagoni (homoni inayopandisha sukari) na mmefundishwa, chomeni. Kama hamna, paka sukari iliyoloweshwa kidogo au asali ndani ya shavu la chini huku gari likielekea hospitali.

Na ukikuta 14 saa tisa usiku, usichome dozi ya kushusha kwa hasira. Andika. Chukua hatua tu kama anaumwa, anatapika au ana ketoni (asidi ambazo mwili unatoa ukikosa insulini), au kama kliniki ilishakupa maelekezo ya saa hiyo.

Hatua ya 4: Soma mstari mzima

Hivi ndivyo daftari letu lilivyosoma usiku mmoja baada ya kurudisha dozi ya zamani: kulala 8.3, saa sita 5.1, saa tisa 4.8, kuamka 12.9.

Ukiangalia 12.9 peke yake utaongeza. Ukiiangalia 4.8 utaona hakuna pa kuongeza.

Kuna michoro minne utakayokutana nayo. Kwanza, kalala na 13, kaamka na 13, katikati haikutikisika. Insulini ya usiku iko vizuri, usiiguse. Tatizo liko kwenye chakula cha jioni, dozi yake, au kile kinacholiwa kati ya chakula na kulala. Wazazi wengi wanakosea hapa kuliko kwingine, nadhani kwa sababu asubuhi inatia hofu na jioni haitii.

Pili, inashuka katikati ya usiku na kupanda alfajiri, kama sisi. Hilo ni suala la saa.

Tatu, inapanda taratibu usiku mzima: insulini ya usiku ni ndogo, au chakula kilikuwa na mafuta. Nne, inashuka usiku mzima hata kama asubuhi inaishia pazuri. Aliyelala na 14 akaamka na 6 si ushindi. Siku atakayolala na 8 ataishia wapi?

Utasikia watu wakisema sukari ikishuka usiku lazima "irudi na hasira" asubuhi. Wazo hilo lilitolewa na Michael Somogyi miaka ya 1930 na limefundishwa sana. Tangu vifaa vya kupima sukari mfululizo vianze kutumika imeonekana kwamba mara nyingi aliyeshuka usiku anaamka akiwa chini au kawaida, na kurudi juu kwa namna hiyo si kwingi kama tulivyoaminishwa. Ninachokiona nyumbani ni kwamba inayorudi juu ni soda nzima niliyompa kwa woga badala ya robo yake.

Hatua ya 5: Badilisha kitu kimoja, na subiri

Piga simu kliniki na usome namba za usiku tatu. Hapo mazungumzo yanakuwa mafupi.

Kwa mchoro wa saa, kwetu hawakuongeza wala kupunguza. Walitenganisha: insulini ya kawaida ikabaki saa moja jioni na chakula, NPH ikahamia saa tatu na nusu usiku, wakati wa kulala. Kilele kikasogea kuelekea alfajiri, kule kulikokuwa na shida. Gharama yake ni sindano moja zaidi, na mtoto alinuna wiki nzima. Anayetumia Mixtard hawezi kufanya hivi, maana ukiisogeza unasogeza na ya chakula. Uliza kama mtoto anaweza kupewa chupa mbili tofauti.

Kwa inayopanda usiku mzima, ongezeko la kawaida ni karibu asilimia 10 ya dozi hiyo. Kwa mtoto wa yuniti 6 ni nusu yuniti, au moja kama bomba halina alama za nusu. Kisha subiri usiku tatu kabla ya kugusa tena, ukipima saa tisa. Usibadilishe dozi, saa na chakula wiki moja. Mambo yakinyooka hutajua kipi kilinyoosha, na yakiharibika vilevile.

Kushuka hakusubiri siku tatu. Mtoto akiwa chini ya 4 usiku mmoja bila sababu unayoijua, wapigie kabla ya sindano ya jioni inayofuata. Mara nyingi watapunguza asilimia 10 hadi 20.

Kwa wenye pampu

Pampu inatoa insulini ya haraka tu (inaisha mapema kuliko ile ya kawaida), matone madogo saa baada ya saa, na kila saa ya usiku inaweza kuwa na kiwango chake. Huhitaji kubembeleza kilele cha NPH, unaandika namba tu. Lakini kwanza kagua saa ya pampu.

Pampu haihesabu saa kwa Kiswahili. Saa sita usiku kwake ni 00:00, saa tisa usiku ni 03:00, saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00, saa moja jioni ni 19:00. Nesi akiandika "saa 9 ongeza", muulize ni ya usiku au ya mchana na uandike zote mbili daftarini. Mama mmoja wa Iringa, ambaye binti yake aliletewa pampu na shangazi kutoka Ujerumani, alihangaika mwezi mzima na alfajiri zisizoeleweka. Viwango vilikuwa sahihi. Saa ya pampu ilikuwa bado ya Ujerumani, na wakati wa baridi kule wako nyuma yetu masaa mawili. Dozi ya saa tisa ilikuwa inatoka saa kumi na moja.

Saa ikishakuwa sawa, mpe mtoto chakula mapema, mnamo saa kumi na mbili jioni, kisicho na mafuta mengi, na asile tena. Baada ya masaa manne dozi ya chakula imeisha, kwa hiyo kuanzia saa nne usiku unachokiona ni dozi ya msingi, ile ya saa baada ya saa, peke yake. Anza tu kama sukari iko kati ya 6 na 10 hivi. Pima kila baada ya masaa mawili au matatu hadi asubuhi. Ikipanda au kushuka kwa chini ya 2, achana nayo. Ikianza kupanda saa tisa, kiwango cha kubadilisha si cha saa tisa, ni cha saa saba (01:00), kwa sababu insulini iliyo chini ya ngozi inahitaji muda kufanya kazi. Badilisha karibu asilimia 10: kutoka yuniti 0.30 kwa saa kwenda 0.325 kama pampu yako inakubali hatua ndogo hiyo. Kama inaruka kwa 0.05, fanya kwa masaa machache tu. Rudia jaribio usiku mwingine kabla ya kuamini.

Mwenye sensa, kile kifaa cha kwenye ngozi kinachosoma sukari mfululizo, ajue kwamba mtoto akiilalia inaweza kusoma chini kwa uongo. Mgeuze na upime kidole kabla ya kumnywesha sukari. Na kama ni zile pampu zinazojirekebisha zenyewe kila dakika tano, kama MiniMed 780G au Omnipod 5, basi zikiwa kwenye hali ya kujiendesha viwango vyako vya saa havitumiki kama ulivyoviandika. Huko mnazungumza na kliniki kuhusu lengo la sukari na dozi za chakula.

Jambo la kuogopa kwenye pampu ni kwamba hakuna insulini ya akiba mwilini. Kimrija kinachoingiza insulini chini ya ngozi kikikunjika saa tano usiku, kabla ya kupambazuka mtoto anaweza kuwa na ketoni. Usibadilishe kimrija wakati wa kulala, fanya mchana ili uone kama kinafanya kazi. Ikizidi 14 mara mbili mfululizo, pima ketoni, choma dozi ya kushusha kwa kalamu ya insulini au bomba kama mlivyoelekezwa, kisha badilisha kimrija. Kalamu ya akiba isikosekane nyumbani hata siku moja.

Siku zisizofuata daftari

Mtoto aliyekimbia sana mchana anaweza kushuka usiku wa manane, masaa saba hata kumi na moja baadaye, kwa sababu misuli inaendelea kuvuta sukari. Likizo moja mwanangu alishinda akivuna viazi kwa bibi yake kule Isyonje. Jioni bibi akamwekea sahani ya pili, mimi nikaanza kuleta habari za vipimo. Akaniambia, "Baba, huyu amebeba viazi kutwa nzima, unataka alale na nini?" Nikapima saa sita: 4.4, pamoja na sahani yake ya pili. Tangu hapo siku za kazi au mpira kliniki imeturuhusu kupunguza kidogo NPH ya usiku na kumwongezea chakula cha kulalia, na saa tisa naamka bila kujadiliana na mtu.

Siku ya homa au kutapika usifanye jaribio lolote, na usiache insulini hata kama mtoto hali chakula. Pima kila baada ya masaa matatu, pima ketoni, na akishindwa kushika maji tumboni nendeni hospitali usiku huo huo.

Mambo yakitulia punguza kuamka. Sisi tunapima saa tisa Jumatano na Jumamosi. Tunarudi kwenye kupima kila usiku akibadilishiwa chupa au dozi, baridi ikianza, shule zikifungwa, au suruali ikiwa fupi ghafla, maana mtoto anayerefuka anahitaji insulini zaidi. Siku ya kliniki nabeba daftari na mashine yenyewe. Nesi anapenda kubonyeza kumbukumbu zake, na mara mbili amekuta namba ambazo usingizi ulinifanya niziandike kwenye mstari wa siku nyingine.